Maji, Mzimu na Pete ya Bahati: Madai ya Uwezo wa Kiroho Mbele ya Fasihi ya Kiswahili

Atokaye Mlimani akashuka hadi Manzese na Tandale, au apitaye Mtoni kwenda Mbagala, husoma mengi kabla hajafika aendako. Asomayo si vitabu. Ni vibao vya bati vilivyopigiliwa mitini, karatasi zilizobandikwa juu ya nguzo za umeme, na maneno ya rangi nyekundu kwenye kuta za nyumba. Yupo mganga aliyetoka Sumbawanga, yupo maalimu wa Pemba, yupo nabii mwenye mafuta, yupo mjuzi wa nyota mwenye pete ya bahati. Na karibu yao, kwa mwandiko uleule wa haraka, yupo mtu asiyetaja jina lake awaitaye wapita njia wajiunge na Frimasoni wapate utajiri. Kila tangazo lina namba ya simu. Mvua huyafuta, na kabla matope hayajakauka mengine yamekwisha kuandikwa.

Uhakiki wa Kiswahili umeyapita maandishi haya pasipo kuyatazama, kana kwamba ni uchafu wa njiani. Hata hivyo tangazo la mganga lina watunzi, lina kanuni zake za utungaji, lina wasomaji wengi kuliko riwaya yo yote, na lawatendesha wasomaji hao mambo. Matendo hayo si ya kuchekesha sikuzote. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Waliokufa walikuwa watu waliolisadiki neno. Mwenye kazi ya kuchunguza maneno hawezi kusema kwamba jambo hilo halimhusu.

Tena hapana haja ya kuanza uchunguzi huo kwa mikono mitupu. Waandishi watatu wakubwa wa Kiswahili walikwisha kulishika suala la mtu adaiye kuwa ameufikia uwezo usiofikiwa na wengine: Shaaban Robert katika Kufikirika, Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, na Ebrahim Hussein katika Kinjeketile. Kila mmoja aliliuliza dai hilo swali lake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo matatu yahitajiana, na kwamba kila mara moja lilipoachwa peke yake, ama udanganyifu umepita salama, ama waliodanganywa wamedharauliwa bure.

Yafaa kwanza kulisoma tangazo lenyewe jinsi lilivyoandikwa. Sehemu yake ya kwanza ni cheo. Mtoa tangazo ni Dokta, au Profesa, au Sheikh, au Maalimu, au Mtume, na pengine ni viwili pamoja. Vyeo hivyo vyote vimeazimwa katika nyumba mbili, yaani chuo na ibada, ambazo ndizo nyumba mbili ambamo mtu wa kawaida amezoea kuketi kimya akamsikiliza mwingine. Sehemu ya pili ni mahali. Mganga hutoka mbali, na umbali ndio ushahidi wake; mtu wa Temeke huambiwa juu ya Pemba na Sumbawanga, mahali ambapo hawezi kwenda kesho asubuhi kuuliza habari za bwana huyo. Sehemu ya tatu ni orodha ya shida: mpenzi aliyeondoka, biashara isiyouza, kesi mahakamani, mtihani, kazi, uzazi, nguvu za kiume, mali iliyoibwa. Ikisomwa polepole, orodha hii ni maelezo ya maisha ya mjini yaliyo sahihi kabisa. Mtungaji wake awajua watu.

Jambo kubwa, hata hivyo, limo katika sarufi. Tangazo la mganga aghalabu halina kitenzi chenye njeo. Halisemi kwamba mganga atamrudisha mpenzi siku fulani. Lasema tu kurudisha mpenzi, kusafisha nyota, kuvuta wateja, kufunga adui. Ni vitenzi-jina vilivyopangwa safu, visivyo na mtenda wala wakati. Kauli isiyo na wakati haiwezi kuvunjwa na wakati. Mtu aliyeahidiwa mvua Jumamosi atajua Jumapili kama alidanganywa. Mtu aliyeambiwa kuleta mvua hana siku ya kumdai aliyemwambia. Na kama mganga mmoja atajasiri kuandika siku tatu au saa 24, hesabu ya siku hizo haianzi mpaka mteja atimize masharti.

Sharti ndilo neno la pili la kuangaliwa. Mteja huagizwa asigeuke nyuma, asimwambie mtu, asile kitu fulani, alete kitu kisichopatikana upesi. Shida isipoondoka, sababu ipo tayari: sharti lilivunjwa. Hivyo dai la mganga lina mlango mmoja wa kuingilia sifa na mlango mwingine wa kutokea lawama, na huo wa pili watokea uani kwa mteja. Akipona, mganga amemponya. Asipopona, amejiponza mwenyewe.

Kwa kuwa dai limejengwa hivi, swali la Muhammed Said Abdulla ndilo la kwanza kuulizwa. Mwandishi huyu alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi ya afya na baadaye ya magazeti. Riwaya yake ilishinda katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957-58 yaliyofanywa na East African Literature Bureau, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Bwana Ali Bwana Marjani ameuawa, na maiti yake imekutwa mzimuni, mahali panapoogopwa. Kwa wengi habari yaishia hapo, maana mzimu hauhojiwi. Bwana Msa, pamoja na kiko chake na sahibu yake Najum, akataa kuishia hapo. Autazama mzimu kama mahali tu, mahali penye miti na mawe na njia za kuingilia, na auliza nani alikuwapo na nani afaidika watu wakiogopa.

Umuhimu wa swali hilo haukutambuliwa vya kutosha na wale waliokisoma kitabu hiki kama hadithi ya upelelezi iliyoiga za Uingereza. Ni kweli kwamba Bwana Msa ana udugu na Sherlock Holmes. Lakini mpelelezi wa London hufanya kazi katika mji ambao wakazi wake wamekubali kwamba mauaji hufanywa na watu. Bwana Msa hana budi kulithibitisha jambo hilo kabla ya jingine lo lote. Kazi yake ya kwanza ni kuirudisha hatia kutoka kwa mizimu hadi kwa wanadamu. Katika Kisima cha Giningi, kilichotolewa mwaka 1968, mwandishi alirudia kuchukua jina la kutisha, kwani Giningi katika masimulizi ya Unguja ni makao ya wachawi, akalifanya jina hilo kuwa mlango wa upelelezi.

Likiulizwa tangazo la Kinondoni, swali la Bwana Msa hujibiwa upesi. Anayefaidika ni mwenye namba ya simu. Mfano mwepesi kabisa ni wito wa kujiunga na Frimasoni. Wamasoni wa kweli wamo Dar es Salaam tangu zama za ukoloni, na marehemu Andy Chande, aliyewaongoza katika Afrika Mashariki kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2017, hakuuficha uanachama wake, aliusema hadharani. Chama hicho kina siri zake za ibada, lakini hakiandikishi watu kwa rangi nyekundu ukutani. Aandikaye ukutani auza jina la chama asichokuwa nacho, kwa mtu asiyekijua, akidai ada ya kujiandikisha itakayotumwa kwa simu. Jina limekwisha kutayarishwa na uvumi. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Sinza mwezi wa Aprili mwaka 2012, akiwa kijana mwenye sifa na mali, maneno yalienea mitaani kwamba ni Frimasoni. Kana kwamba kijana wa Kitanzania hawezi kupata mali kwa kazi wala kufa kwa ajali. Matapeli hawakuuanzisha uvumi huo. Waliuvuna.

Hata hivyo yafaa kuona mahali ambapo Bwana Msa apungukiwa. Amfunua mkosaji, lakini wale waliouogopa mzimu awaacha walipokuwa. Akili yake yang'aa kwa sababu wengine wamefanywa gizani. Nao wasimama kando wakishangaa, kama wanafunzi wasioulizwa kitu. Msomaji wa Chuo Kikuu hupenda kujiweka mahali pa Bwana Msa, na hiyo ndiyo hatari ya kitabu chenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwanamke wa Tandika aliyezunguka na mtoto mgonjwa kwa wiki tatu, akaenda kwa mganga siku ya ishirini na mbili, hakukosa akili. Alikosa pengine pa kwenda. Isitoshe, wateja wa waganga si wa viungani pekee. Magari ya fahari huonekana nje ya nyumba za udongo, hasa majira ya uchaguzi.

Pungufu la pili ni kubwa zaidi. Swali la nani afaidika lafaa pale tu penye mdanganyifu. Je, kama mwenye kudai ni msadikifu kuliko wasikilizaji wake? Hapo ndipo aingiapo Ebrahim Hussein.

Tamthilia yake ilitolewa mwaka 1969, siku ambazo idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuwatuma wanafunzi wake kusini wakusanye masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa historia aliishi Ngarambe, kusini ya mto Rufiji. Mwaka 1904 alipagawa na pepo, akatoa maji yaliyosemwa kwamba yatazigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Vita vilianza Umatumbi mwezi wa Julai mwaka 1905. Mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, na vita vikaendelea bila yake hadi mwaka 1907. Wajerumani walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wa Tanzania wamekadiria 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na uchomaji wa mashamba na ghala. Masharti nayo yalikuwapo, na waliouawa ilisemwa kwamba waliyavunja.

Hussein alijihadhari kusema kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule wa historia, na hata tahajia ya jina yatofautiana. Katika sanaa hiyo alilifanya jambo lisilofanywa na riwaya ya upelelezi: alilitia shaka ndani ya nabii mwenyewe. Kinjeketile atoka mtoni na maji na ujumbe. Lakini ujumbe huo una sehemu imchomayo, kwani wasema kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Ajiuliza kama alisema yeye au alisemewa, na kama anayeutumikia ni uhuru au ni bwana mpya. Akasihi wangoje. Lakini neno lilikuwa limekwisha kumtoka, na watu walikuwa wamekwisha kulifanya lao. Mwishoni, akiwa mfungwa, Kitunda amwomba akiri kwamba maji ni uwongo, naye akataa. Kwa hesabu yake, kukiri mbele ya adui kungewaachia wana wa baadaye aibu pahali pa mfano.

Wahakiki wengi wamelisifu katao hilo kwa ushujaa wake, na kwa upande wa siasa wana haki. Maji yaliwaunganisha watu wa makabila ambayo kabla ya hapo hayakuwa na neno moja. Lakini mhakiki mwaminifu hana budi kuuliza pia juu ya wale walioyanywa na kuyapakwa, wakasimama mbele ya bunduki za mzinga. Tamthilia haiwasahau, ndiyo sababu Kitunda amewekwa jukwaani. Yeye ndiye atakaye watu wajifunze vita kwanza, yeye ndiye ahesabuye waliokufa, na swali lake halijibiwi na ushujaa wa Kinjeketile. Uzuri wa tamthilia umo katika kutojibiwa huko.

Basi swali la Hussein ni hili: dai hili limeziba pengo gani? Watu wa kusini walihitaji umoja, na hapakuwa na chombo kingine cha kuwaunganisha. Maji yakawa chombo hicho. Likiulizwa leo, swali hilo laieleza ile orodha ya shida kwenye bati la Mbagala. Kila mstari wake ni pengo lililo wazi: kazi isiyopatikana, mahakama isiyoeleweka, mtihani mmoja uamuao maisha, ugonjwa usio na jina. Mganga ajengaye nyumba yake juu ya mapengo haya hakuyachimba. Abomoaye nyumba bila kuliziba pengo atarudi kesho akute nyumba nyingine.

Hapana mfano ulio wazi zaidi kuliko Samunge. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alisema kwamba Mungu alimwonyesha katika ndoto dawa ya mti wa mugariga. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri hadi Loliondo wakanywe kikombe chake kwa shilingi 500. Misafara ya magari ilienea kilomita nyingi, wapo waliofia njiani kabla ya kunywa, na miongoni mwa waliokunywa walikuwamo viongozi wa serikali. Swali la Bwana Msa likiulizwa pale halipati jibu la haraka, maana shilingi 500 si bei ya tapeli, na mzee mwenyewe, aliyefariki mwaka 2021, aliishi maisha ya kawaida. Waliopata faida kubwa walikuwa wenye magari. Bali swali la Hussein lajibiwa mara moja: wengi walikuwa na maradhi ambayo hospitali huyatuliza isiyamalize, kama kisukari na ukimwi, dawa zake zikinywewa kila siku ya maisha. Kikombe kilinywewa mara moja tu. Pengo lilikuwa uchovu wa kuugua. Hata hivyo usadikifu wa mtoaji haukumwongezea mnywaji afya, na aliyeacha vidonge vyake kwa ajili ya kikombe aliilipa imani kwa mwili wake.

Kulipa huko ndiko kuletako swali la tatu, ambalo kwa hesabu ya miaka ndilo la zamani kuliko yote. Kufikirika kilitolewa mwaka 1967, miaka mitano baada ya Shaaban Robert kufariki, ingawa kiliandikwa mapema zaidi. Mfalme na malkia wana kila kitu ila mtoto. Waganga wa kila namna waitwa, wa majani na mizizi, wa hirizi, wa mashetani, hata wa utabiri. Utabiri ndio ufauluo: mtoto azaliwa. Lakini utabiri huohuo wadai kwamba mtoto ataugua, na kuponywa kwake kwataka kafara ya watu wawili, mmoja mwerevu na mmoja mjinga.

Msomaji wa haraka aweza kudhani kwamba hapa Shaaban Robert amewapa watabiri ushindi. Kinyume chake, amewapa kila kitu wakitakacho ili aonyeshe kwamba hata hivyo hakiwatoshi. Akubali kwa ajili ya hoja kwamba mtabiri aweza kuona mbele. Kisha auliza kama kuona mbele kwampa mtu haki juu ya shingo ya mwingine. Hoja hii haingoji maabara wala upelelezi. Mkulima asiyejua kusoma aweza kuishika mara moja: dawa ya mtoto wangu isiwe maiti ya mtoto wako. Swali la Shaaban Robert, kwa maneno machache, ni nani atakayelipa.

Kwa muda mrefu kafara ya Kufikirika ilisomwa shuleni kama istiari. Kuanzia mwaka 2007, habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ziliifanya iache kuwa istiari. Viungo vya wanadamu vilitafutwa kwa kuwa mtu fulani alidai kwamba vyaleta utajiri. Mwaka 2009 serikali ilifuta vibali vya waganga wa jadi. Amri hiyo iliwakumba pamoja mjuzi wa mizizi na mwagizaji wa viungo, na hapo sheria ilikosa tofauti ambayo Shaaban Robert aliiona alipowatenga waganga wake katika makundi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 yamtambua ajuaye dawa za miti. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 chini ya Waingereza, yamwadhibu ajidaiye kuwa na nguvu za uchawi. Lakini tangazo la ukutani halitaji uchawi hata mara moja. Latumia maneno tiba, nyota na mvuto. Sheria husoma neno lililoandikwa. Kusoma lililofichwa ni kazi ya wahakiki.

Wapo watakaosema kwamba imani hizi ni utamaduni, na kwamba kuzihoji ni kuurudia ukoloni wa fikra. Neno hili lataka jibu la heshima, maana wamisionari na maofisa walikwisha kuyaita mengi ya Kiafrika ushenzi kwa kutoyajua. Lakini shaka nayo ni utamaduni. Methali isemayo mganga hajigangi haikutoka Ulaya. Wazee waliomwuliza mganga mbona wako wamekufa, na mbona nyumba yako yavuja, walikuwa wahakiki kabla ya vyuo. Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe, aliiita riwaya yake ya mwaka 2001 Janga Sugu la Wazawa, akaushambulia ushirikina kutoka ndani, kwa lugha ya ndani. Anayewanyima Waafrika haki ya kuwa na shaka awanyima nusu ya urithi wao.

Wengine watasema kwamba mtu mzima ana hiari ya kuamini apendavyo. Ni kweli, na uhakiki hauna askari. Ila hiari yataka maneno yanayoweza kupimwa. Marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni, mnajimu mashuhuri aliyefariki mwezi wa Mei mwaka 2011, alitangaza kabla ya uchaguzi wa mwaka 2010 kwamba atakayeshindana na Rais Kikwete katika chama chake kuwania uteuzi atakufa ghafla. Chama kikasimamisha mgombea mmoja, na utabiri ukabaki haukujaribiwa. Kauli ya namna hiyo haimwachii msikilizaji hiari. Ikiogopwa, huonekana imetimia. Ikitojaribiwa, haipungui nguvu. Ni ndugu wa kile kitenzi kisicho na njeo kwenye bati la Mbagala, ingawa ilisemwa na mtu mwenye elimu ya dini, mbele ya waandishi wa habari.

Basi maswali ni matatu. La Abdulla lauliza nani afaidika, na kauli hii yaweza kuonekana imekosea kwa njia gani. La Hussein lauliza pengo gani limezibwa, hata kama msemaji ni mkweli wa moyo. La Shaaban Robert lauliza nani atakayelipa, hata kama utabiri ni wa kweli. La kwanza peke yake lazaa dharau. La pili peke yake lazaa huruma isiyozuia kitu. La tatu peke yake huchelewa, kwa kuwa huulizwa kafara ikiwa imekwisha kufungwa kamba.

Imebaki kusema neno juu ya Chuo chenyewe. Tangazo limeiba cheo cha Dokta, na wasomi huliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. Lakini mwizi haibi kisichouzika. Cheo hicho kimekuwa na thamani ukutani kwa sababu watu wamezoea kukiona kikitumiwa kama hirizi: mtu husema, wengine hunyamaza, na sababu haitolewi. Mwanafunzi anukuuye jina la mtaalamu pasipo kuifuata hoja yake, na mwalimu akasirikaye aulizwapo, wamelijenga tangazo lile kwa mikono yao. Tofauti ya msomi na mganga wa nguzo ya umeme si cheo, kwani vyeo vyao ni sawa kwa herufi. Tofauti ni kwamba kauli ya msomi ina tarehe, ina mtenda, na inamwachia msikilizaji mahali pa kusema hapana.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kiko Chang'ombe, wilayani Temeke, na wanafunzi wake wafundishwa kuwa walimu. Watokapo langoni jioni hupita mbele ya kuta zilezile. Mwaka wa pili au wa tatu tangu siku hiyo, watasimama mbele ya watoto wa kidato cha tatu, na mmoja wa watoto hao atakuwa na uzi mweusi mkononi aliofungwa na mama yake kwa ajili ya mtihani. Mwalimu aweza kuukata uzi mbele ya darasa, kama Bwana Msa, akapata kicheko. Aweza kuuacha, kwa huruma. Au aweza kumfundisha mtoto huyo vizuri hata mtihani usitishe tena, kisha akamwuliza faraghani, kwa upole, uzi ule ulinunuliwa kiasi gani na chakula gani hakikununuliwa siku ile.